Nanochembe za oksidi za kauri: Unga mweupe unaotawala mwanga na umeme

KATIKA bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi, bondeni baina ya katikati mwa jiji na mtaa wa Westlands, wanafizikia wamekuwa wakishughulika kwa miaka mingi na unga mweupe ambao kwa macho matupu haupambanuki na unga wa chokaa.

Unga huo ni dayoksidi ya titani, mojawapo ya oksidi za kauri. Chembe zake zikiwa ndogo kupita kiasi hupata tabia ambazo bonge la madini hayo hayo halina. Huacha kuwa nyeupe na kupitisha mwanga, hunyonya rangi kama sponji inyonyavyo maji, na huweza kubeba umeme uliozaliwa na jua.

Jambo hili linawagusa Wakenya kwa sababu nyingine pia. Mnamo Februari 2014, meli ya kwanza iliyobeba mchanga wa titani uliochimbwa Kwale iliondoka pwani ya Kenya. Uchimbaji huo, uliofanywa na kampuni ya Base Titanium, ulikoma Desemba 2024. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi mchanga ulisafirishwa ng’ambo ukiwa umetenganishwa tu, bila kugeuzwa humu nchini kuwa unga safi unaohitajiwa na viwanda vya rangi na maabara.

Makala haya yanaeleza nanochembe hizo ni nini, hutengenezwa vipi, tabia zake za mwanga na umeme hupimwaje, na kwa nini ukubwa wa chembe una thamani kuliko uzito wa shehena.

Kauri ni nini?

Wengi wanapolisikia neno kauri hukumbuka vikombe vya chai, sahani na vigae vya bafuni. Kwa wanasayansi, jina hilo lina mapana zaidi. Kauri ni kitu kigumu kisicho metali wala plastiki, ambacho aghalabu hukamilishwa kwa kuchomwa katika joto kali.

Chungu cha mfinyanzi ni kauri. Vivyo hivyo udongo uliochomwa ambao hutiwa ndani ya jiko la makaa lililoenea Nairobi tangu miaka ya 1980, na ambao huzuia joto lisipotee kupitia bati la nje.

Kauri nyingi ni oksidi, yaani muungano wa metali na oksijeni. Kutu ni oksidi ya chuma. Alumina ni oksidi ya alumini, na zirkonia ni oksidi ya zirkoni. Oksidi ya zinki ndiyo unga mweupe unaotiwa katika marhamu za ngozi za watoto wachanga.

Kwa karne nyingi kauri zilithaminiwa kwa ugumu wake na kwa kutopitisha joto wala umeme. Katika karne ya 20 ndipo ilipobainika kwamba baadhi ya oksidi hizi si vihami kamili. Ni semikonda, yaani vitu vilivyo kati ya kihami na kipitishi, ambavyo huweza kupitisha umeme vikipewa mwanga, joto au uchafu kidogo uliopimwa kwa makini.

Ukubwa una nini?

Nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000. Chembe ambayo upana wake ni kati ya nanomita 1 na 100 ndiyo huitwa nanochembe.

Ili kuelewa maana ya udogo huo, msomaji na achukue mchemraba ambao kila upande wake una urefu wa sentimita moja. Nyuso zake sita kwa jumla zina eneo la sentimita sita za mraba, sawa na stempu ndogo ya barua.

Mchemraba huo ukikatwa-katwa kuwa michemraba midogo yenye upande wa nanomita 10, uzito haubadiliki hata kidogo. Lakini jumla ya nyuso zote huwa mita 600 za mraba. Uwanja wa mpira wa vikapu una mita 420 za mraba tu. Kwa hiyo kitu kinachotoshea katika kijiko hupata uso unaozidi uwanja mzima.

Uso ndio mahali ambapo kemia hutendeka. Mwanga hugonga juu ya uso, rangi hushika juu ya uso, gesi hugusa uso, na vijidudu huulia juu ya uso. Ndiyo maana unga mwembamba hufanya kazi ambayo jiwe haliwezi.

Jinsi nanochembe zinavyotengenezwa

Njia za utengenezaji ni nyingi, lakini zote huangukia katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la kuvunja kikubwa kiwe kidogo. Unga wa kawaida hutiwa katika pipa pamoja na gololi ngumu, kisha pipa huzungushwa kwa saa nyingi. Gololi hugongana na kuusaga unga. Njia hii ni nyepesi kueleweka, lakini chembe hutoka zikiwa za ukubwa usiolingana, na vipande vya gololi huweza kuuchafua unga.

Kundi la pili ni la kujenga kidogo-kidogo kutoka kwa atomu. Katika maabara za vyuo vikuu, njia maarufu katika kundi hili ni ile iitwayo soli-jeli, kwa kuwa haihitaji mitambo ya bei ghali.

Mtafiti huanza na kimiminiko chenye titani, kwa mfano isopropoksidi ya titani, akakichanganya na alkoholi. Kisha huongeza maji tone kwa tone, pamoja na asidi kidogo ya kupunguza kasi. Maji yakiingia kwa pupa, unga huganda mara moja kuwa mabonge makubwa na kazi yote huharibika.

Yakiingia polepole, chembe ndogo huzaliwa na kuelea katika kimiminiko. Hatimaye hushikana na kuwa jeli laini. Jeli hukaushwa, ikasagwa, kisha ikachomwa katika tanuri.

Tanuri ndilo huamua hatima. Katika joto la takriban nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, atomu hujipanga na kuwa fuwele za aina iitwayo anatasi. Joto likizidi nyuzi 600 au 700, anatasi huanza kugeuka kuwa rutaili, ambayo ni fuwele ya mpangilio mwingine. Wakati huo huo chembe huungana na kukua, na ule uso mpana uliotafutwa kwa bidii hupotea.

Oksidi ya zinki hutengenezwa kwa njia rahisi zaidi. Chumvi ya zinki huyeyushwa katika maji, kisha hutiwa kimiminiko cha alkali kama vile hidroksidi ya sodiamu. Mashapo meupe hutuama chini, yakachujwa, yakaoshwa mara kadhaa na kukaushwa. Usafi wa kuosha, kiwango cha alkali na joto la maji ndivyo huamua kama chembe zitakuwa za duara, vijiti au vipande bapa.

Zipo pia mbinu za kutandaza oksidi juu ya kioo bila kupitia hatua ya unga. Mojawapo ni kunyunyiza mmumunyo juu ya kioo chenye moto. Nyingine ni kuzigonga atomu za metali ndani ya chombo kisicho na hewa, hadi ziruke na kutua juu ya kioo zikiwa zimeungana na oksijeni.

Kupima kisichoonekana

Hadubini ya kawaida haiwezi kuionyesha nanochembe, kwa sababu chembe yenyewe ni ndogo kuliko wimbi la mwanga unaotumiwa kuitazama. Mwanga unaoonekana una mawimbi ya takriban nanomita 400 hadi 700.

Hadubini za elektroni huweza kuziona, lakini ni ghali kununua na kutunza. Kwa hivyo watafiti wengi huanza na eksirei.

Miale ya eksirei ikigonga unga wa fuwele hurudi kwa pembe maalumu, na pembe hizo hutaja aina ya fuwele kama alama ya kidole imtajavyo mtu. Anatasi hujulikana kwa kilele chake kikubwa kwenye nyuzi 25.3, endapo eksirei imetoka kwa shaba.

Unene wa kilele hicho hutoa habari ya pili. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo kilele kinavyotanuka. Kanuni ya hesabu hiyo ilitolewa mwaka 1918 na mwanafizikia Paul Scherrer, mzaliwa wa Uswisi.

Mathalani, kilele cha nyuzi 25.3 chenye upana wa nyuzi 0.8 huonyesha fuwele za takriban nanomita 10. Hata hivyo, mpimaji sharti aondoe kwanza upana unaoletwa na mtambo wenyewe, la sivyo ataripoti chembe ndogo kuliko zilizopo.

Tabia za mwanga

Swali la kwanza ambalo huulizwa kuhusu oksidi yoyote ya aina hii ni upana wa pengo lake la nishati.

Ndani ya semikonda, elektroni huwa zimefungwa mahali pake. Ili elektroni iwe huru kutembea, lazima ipewe nishati ya kuruka pengo fulani. Mwanga huja kwa mafungu yaitwayo fotoni. Fungu lenye nishati pungufu haliwezi kuisaidia elektroni, wala mafungu mawili pungufu kwa kawaida hayachangi pamoja. Ni kama abiria aliyefika kituoni na nusu ya nauli. Hapandi, hata kama nyuma yake wamesimama mia moja wenye nusu ya nauli.

Pengo la anatasi ni elektronivolti 3.2, na la rutaili ni 3.0. La oksidi ya zinki ni takriban 3.3. Msomaji anaweza kuligeuza pengo kuwa urefu wa wimbi kwa kugawanya 1,240 kwa idadi hiyo. Kwa anatasi, jibu ni nanomita 387 hivi.

Maana yake ni kwamba anatasi hunyonya miale ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni, na kuuacha mwanga wote unaoonekana upite au urudi. Hapa ndipo penye neema na kikwazo. Miale ya urujuanimno ni takriban asilimia tano tu ya nishati ya jua inayofika ardhini. Asilimia 95 ni abiria wasio na nauli.

Katika maabara, pengo hupimwa kwa spektrofotomita. Mwanga wa kila wimbi hupitishwa ndani ya filamu nyembamba ya oksidi na kiasi kilichopita huandikwa. Mahali ambapo mwanga huanza kuzuiwa ghafla ndipo pengo lilipo.

Chembe zikiwa ndogo mno, pengo lenyewe hutanuka. Kwa oksidi ya zinki hali hiyo huonekana chembe zikipungua chini ya nanomita saba au nane hivi. Kwa dayoksidi ya titani ni lazima ziwe ndogo zaidi ya hapo.

Kisha kuna suala la weupe. Rangi ya ukutani ina chembe za dayoksidi ya titani za nanomita 200 hadi 300, ambazo ni karibu nusu ya wimbi la mwanga unaoonekana. Ukubwa huo ndio hutawanya mwanga kwa nguvu kuliko ukubwa mwingine, na ndio sababu koti moja la rangi huficha ukuta mchafu.

Chembe hizo hizo zikipunguzwa hadi nanomita 20, mwanga unaoonekana hupita kana kwamba hazipo, ilhali miale ya urujuanimno bado hunaswa. Ndiyo maana mafuta ya kukinga ngozi dhidi ya jua yanaweza kupakwa bila kuuacha uso ukiwa mweupe kama uliopakwa chokaa. Dawa ni ile ile, tofauti ni ukubwa.

Tabia za umeme

Oksidi safi kabisa isiyo na kasoro ingekuwa karibu kihami. Lakini oksidi hizi hupungukiwa na oksijeni kidogo hapa na pale katika fuwele zake. Kila mahali palipokosa atomu ya oksijeni huacha elektroni za ziada, na elektroni hizo ndizo hubeba mkondo wa umeme.

Kwa sababu hiyo, unga uliochomwa katika hewa ya kawaida na ule uliochomwa mahali palipopungua oksijeni huweza kupishana sana katika ukinzani wa umeme, ingawa umetoka chupa moja.

Kupima ukinzani huo kunahitaji uangalifu. Mtu akitumia nyaya mbili za mita ya kawaida, atapima pia ukinzani wa mahali nyaya zinapogusa filamu. Ndiyo maana hutumiwa sindano nne zilizopangwa kwa mstari. Mkondo hupitishwa kwa zile mbili za nje, na volteji husomwa kwa zile mbili za ndani.

Hali ya hewa nayo ina neno. Filamu yenye vinyweleo hunyonya mvuke wa maji, na maji hayo hubadilisha upitishaji wa umeme. Kipimo kilichochukuliwa wakati wa masika hakiwezi kulinganishwa na cha kiangazi bila kutaja unyevu wa siku hiyo.

Ndani ya filamu ya nanochembe, elektroni haitembei kama gari katika barabara kuu. Hupita kutoka chembe hadi chembe, na njiani hutumbukia katika kasoro ndogo zinazoinasa kwa muda kabla ya kuiachilia. Kwa hiyo mwendo wake huwa wa polepole mno ukilinganishwa na ndani ya fuwele moja kubwa.

Mipaka baina ya chembe si hasara wakati wote. Katika kauri ya oksidi ya zinki iliyochanganywa na oksidi kidogo ya bismathi, kila mpaka huzuia umeme hadi volteji ifike takriban tatu, kisha hufunguka ghafla. Chembe 100 zikipangwa kwa mstari, kizuizi hufunguka kwenye volteji 300 hivi.

Kauri hiyo ndiyo moyo wa vifaa vinavyochomekwa ukutani kukinga friji na televisheni umeme unapopanda kwa ghafla. Mtengenezaji akitaka kizuizi cha volteji ya juu zaidi bila kuongeza unene, huzifanya chembe ziwe ndogo. Hapa pia ukubwa ndio unaotawala.

Zipo tayari mjini

Anayedhani kwamba mambo haya ni ya vitabuni na atembee Barabara ya Kirinyaga, katikati mwa Nairobi, ambako vipuri vya magari huuzwa mlango kwa mlango.

Miongoni mwa vipuri hivyo ni kihisio cha oksijeni kinachofungwa kwenye bomba la moshi. Ndani yake mna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia iliyotiwa oksidi ya itriamu. Kikishapata joto la takriban nyuzi 300 na zaidi, hupitisha atomu za oksijeni zenye chaji na kutoa volteji kati ya 0.1 na 0.9 kulingana na oksijeni iliyobaki katika moshi. Kompyuta ya gari huisoma volteji hiyo na kurekebisha mafuta. Kihisio cha kwanza cha aina hii kilifungwa katika magari ya Volvo mwaka 1976.

Vihisio vya gesi ya kupikia navyo hutumia oksidi ya bati. Gesi ikigusa uso wa chembe hubadilisha ukinzani wake, na king’ora hulia.

Utafiti wa Chiromo

Kazi ya Chiromo imeelemea zaidi upande wa jua. Msingi wake ni ugunduzi uliotangazwa mwaka 1991 na Brian O’Regan na Michael Grätzel huko Lausanne, Uswisi.

Wawili hao walitandaza nanochembe za dayoksidi ya titani juu ya kioo kinachopitisha umeme, kisha wakazilowesha katika rangi. Rangi hunyonya mwanga unaoonekana na kuirusha elektroni ndani ya titani. Kwa njia hiyo, wale abiria wasio na nauli walipata wa kuwalipia. Seli yao ilibadili zaidi ya asilimia saba ya nishati ya jua kuwa umeme.

Mvuto wa seli hiyo kwa nchi kama Kenya ulikuwa wazi. Haihitaji viwanda vya silikoni safi. Unga hukorogwa kuwa rojo, hupakwa juu ya kioo kwa ukingo wa kioo kingine huku utepe wa gundi ukipima unene, kisha huchomwa kwa nyuzi 450 kwa muda wa nusu saa.

Profesa Bernard Aduda wa Idara ya Fizikia ni miongoni mwa waliochunguza elektroni zinavyosafiri ndani ya filamu hizo. Mwaka 2004, yeye pamoja na watafiti wa Uingereza, akiwemo Jenny Nelson wa Imperial College London, walichapisha matokeo kuhusu namna umbo la filamu yenye vinyweleo linavyoathiri mwendo wa elektroni.

Mwaka huo huo Profesa Julius Mwabora, pia wa Nairobi, alichapisha pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, utafiti juu ya filamu za dayoksidi ya titani zilizotiwa naitrojeni. Lengo la kutia naitrojeni ni kulipunguza pengo ili sehemu ya mwanga unaoonekana nayo itumike.

Ushirikiano na Uppsala haukuwa wa bahati. Mpango wa Kimataifa wa Sayansi wa chuo hicho, ulioanzishwa mwaka 1961, umesaidia kwa miaka mingi utafiti wa fizikia katika vyuo vya Afrika Mashariki, kwa vifaa na kwa mafunzo ya wanafunzi wa uzamifu.

Ni haki kusema kwamba seli za rangi hazikuishinda silikoni. Bora zaidi kati yake zimefikia takriban asilimia 13 hadi 15 katika maabara, ilhali paneli za silikoni zinazouzwa madukani hupita asilimia 20. Rangi za mimea, ambazo watafiti wengi wa Afrika wamezijaribu kwa kuwa ni rahisi kupata, hutoa umeme mdogo zaidi na hupauka upesi.

Hata hivyo ujuzi haukupotea. Seli mpya za perovskaiti, zilizoanza Japani mwaka 2009 na asilimia 3.8 na sasa zimepita asilimia 25, hutumia tabaka jembamba la dayoksidi ya titani au oksidi ya bati kupokea elektroni. Aliyejifunza kuitandaza na kuipima filamu ya titani hana haja ya kuanza upya.

Maji na jua

Matumizi mengine yanayohusu mitaa ya Nairobi ni kusafisha maji. Mwaka 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kwamba dayoksidi ya titani iliyomulikwa huweza kuyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni.

Elektroni iliyoruka pengo huacha nafasi nyuma yake. Nafasi hiyo hunyang’anya elektroni kutoka kwa chochote kilichogusa uso, yakiwemo maji, uchafu na bakteria. Kwa njia hiyo unga ulio ndani ya maji huvunja viini vya maradhi bila wenyewe kuisha.

Nairobi ina faida ya kijiografia. Iko karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hivyo miale ya urujuanimno hufika ikiwa mikali. Njia ya kuanika maji katika chupa safi za plastiki kwa saa sita za jua tayari inafahamika Kibera. Ugumu wa kuongeza nanochembe ni kuzizuia zisinywewe pamoja na maji, na ndiyo sababu utafiti mwingi hulenga kuzibandika juu ya kioo au kigae.

Tahadhari

Udogo una gharama yake. Vumbi jembamba huingia ndani ya mapafu. Mwaka 2006, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka dayoksidi ya titani inayovutwa kama vumbi katika kundi la vitu vinavyoshukiwa kuweza kuleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2022, Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vyakula.

Hatari kubwa iko kwa anayeushika unga mkavu kila siku, si kwa anayekaa karibu na ukuta uliopakwa rangi. Fundi au mwanafunzi anayesaga unga huo anapaswa kuvaa barakoa ifaayo na kufanya kazi chini ya dohani ya maabara. Kuulowesha unga kabla ya kuuhamisha pia hupunguza vumbi.

Kutoka Kwale hadi Chiromo

Mchanga wa Kwale ulikuwa na madini matatu makuu, ambayo ni ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Ilmenaiti safi ni titani, chuma na oksijeni, na takriban nusu ya uzito wake ni dayoksidi ya titani. Zirkoni nayo ndiyo chanzo cha zirkonia iliyo katika kihisio cha gari.

Ili ilmenaiti iwe unga mweupe, lazima chuma kiondolewe kwa asidi kali au kwa klorini katika joto la juu. Hiyo ni kazi ya kiwanda kikubwa, yenye taka zinazohitaji ulinzi mkali wa mazingira. Wenye viwanda hivyo wako ng’ambo, na tani ya unga uliosafishwa huuzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya bei ya tani ya ilmenaiti.

Haifuati kwamba Kenya ingejenga kiwanda cha namna hiyo kwa sababu tu ilikuwa na mchanga. Mgodi wenyewe ulidumu miaka michache kuliko umri wa kawaida wa kiwanda kama hicho. Lakini maabara haihitaji shehena ya meli. Kilo moja ya unga safi wenye chembe zinazolingana hutosha maelfu ya filamu za majaribio, na thamani yake hutokana na mambo matatu: usafi, ukubwa wa chembe na vipimo vinavyoaminika.

Mambo hayo matatu hutokana na mikono na ala. Hutokana na mwanafunzi anayejua kuongeza maji tone kwa tone, tanuri lisilopitiliza joto, na mtambo wa eksirei uliorekebishwa. Umeme ukikatika katikati ya uchomaji, kundi zima la sampuli hutupwa. Kifaa kikiharibika na kipuri kikakosekana, utafiti wa miaka miwili husimama.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mchanga wa Kwale ulipimwa kwa tani, ukaisha. Daftari za Chiromo hupima kwa nanomita na elektronivolti, na hayo yaliyoandikwa humo ndiyo mtaji uliobaki nchini. Ugunduzi mwingine wa madini ya titani ukitokea pwani, swali la kuuliza mapema litakuwa ni kiasi gani cha unga huo kitapitia Nairobi kabla ya kufika bandarini, na ni nani atakayekuwa amefunzwa kukipima.